Chombo cha Upepo: Nasaha kwa Familia Inayotaka Kayaki ya Kujaza Hewa

Wiki tatu zilizopita, baada ya darasa la akina mama, mama mmoja alibakia barazani hadi wenziwe wote wakaondoka, kisha akatueleza shida yake. Nduguye aliyeko Dubai amempelekea fedha za kuwanunulia watoto zawadi. Watoto hao, msichana wa miaka 15 na mvulana wa miaka 13, wamekataa simu na wamekataa baiskeli. Wanataka kayaki ndogo ya kujaza hewa, waende nayo kwenye mawimbi ya ghuba ya Malindi, na likizo ikifika waichukue kwa binamu zao Nairobi, wakaitie katika maji ya kasi ya mto Tana kule Sagana. "Sheikh," alituuliza, "chombo kilichojaa upepo mtupu kinaaminika kumpakia mtoto wa mtu?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atupe muda, kwa kuwa jibu lenyewe lilikuwa na kisa chetu ndani yake, kisa ambacho hatujawahi kukisimulia barazani. Leo tunakisimulia hapa, yeye asome na wengine wasome, kisha tueleze yale tuliyojifunza baada yake.

Kosa letu sisi wenyewe

Miaka mitatu iliyopita tuliingia katika duka moja tukanunua chombo cha kujaza hewa kwa bei iliyotufurahisha. Juu ya kasha palikuwa na picha ya kijana anayepita katikati ya povu na majabali. Chini ya picha palikuwa na maandishi madogo yaliyosema kuwa kitu hicho ni cha kuchezea katika maji yaliyotulia, chini ya uangalizi wa mtu mzima, wala si kifaa cha kuokolea. Sisi, ambao kazi yetu ni kuwahimiza watu wasome, tuliitazama picha na hatukuyasoma maandishi.

Tulikwenda nacho Kilifi, karibu na mdomo wa hori, siku ya mwezi kumi na sita. Ilikuwa saa moja asubuhi, bahari imelala kama mkeka. Binti yetu, aliyekuwa na miaka 14, aliingia pamoja na binamu yake wa miaka 10. Mama watoto alikuwa akimimina chai. Hata kikombe cha pili hakijajaa, sauti za watoto zilikuwa zimekwishaanza kwenda mbali. Walikuwa wakipiga kafi kuja kwetu, na chombo kikirudi nyuma. Maji ya bamvua yalikuwa yanakupwa, yakitoka katika hori kwa nguvu. Na umande, ule upepo mwepesi wa alfajiri unaovuma kutoka bara, ulikuwa umekishika kile chombo chepesi na kukisukuma uliko mlango wa mwamba. Kisha ubavu mmoja ukaanza kulegea.

Tulimwona mama watoto akikimbia ufukweni huku akipunga leso na kuita. Tuliingia majini hadi shingoni na hatukuweza zaidi ya hapo. Aliyewafikia ni mvuvi mmoja aliyekuwa akirudi na ngalawa yake. Aliwapakia watoto, akakivuta kile chombo kilichonywea, na alipofika hakutaka hata ahsante ndefu. Alikishika ubavu, akakitikisa, akasema: "Sheikh, hiki si chombo. Hiki ni tanga."

Mama watoto alitoa hukumu siku ile ile kwamba bahari imekwisha kwa binti huyu. Nasi tulikubali. Lakini mwaka mzima ulipita tukimwona msichana aliyekuwa akiogelea kama samaki amekaa ukumbini, akiwatazama kaka zake wakienda pwani. Tukajihoji. Aliyekosea ni nani? Aliyenunua bila kusoma, au aliyepanda akimwamini babake? Tulikuwa tumemwadhibu mtoto kwa kosa letu. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta elimu ya vyombo hivi, kwa kuwauliza wavuvi, kwa kuwauliza waongozaji wa mto, na kwa kusoma.

Jambo la zamani katika vazi jipya

Kwanza tulijifunza kwamba kuiamini hewa juu ya maji si wazimu wa siku hizi. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza kuna michongo ya Waashuri, ya karne ya 9 kabla ya Nabii Isa, inayoonyesha watu wakivuka mto juu ya ngozi za mbuzi zilizopulizwa. Ndugu zetu wa Iraki waliteremka mto Tigris kutoka Mosul hadi Baghdad kwa karne nyingi juu ya kelek, yaani chelezo cha miti kilichofungwa juu ya ngozi zilizojaa pumzi, na kikachukua abiria na bidhaa. Kayaki nayo ni chombo cha watu wa nchi za barafu za kaskazini, waliokitengeneza kwa kuvisha kiunzi ngozi ya sili. Katika miaka ya 1840 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Peter Halkett, alibuni joho la kitambaa chenye mpira ambalo mtu huweza kulijaza hewa likawa mashua. Chombo tunachokizungumzia leo ni mjukuu wa wote hao. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hewa hiyo imefungiwa ndani ya nini, na imegawanywa katika mafungu mangapi.

Namna ya kuchagua

La kwanza ni vyumba vya hewa. Chombo cha maana huwa na visivyopungua vitatu: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na sakafu, kila kimoja na vali yake. Kimoja kikitoboka, viwili hubaki kukurudisha pwani. Kile chetu mbavu zake zilikuwa zimeunganishwa, ndiyo maana kilipotoboka kilianza kunywea chote.

La pili ni ngozi yake. Vitu vya kuchezea hushonwa kwa plastiki tupu iliyo nyembamba. Kayaki ya mawimbi na maji ya kasi hutengenezwa kwa kitambaa cha poliesta kilichofunikwa kwa PVC nzito, au kwa mpira wa aina ya Hypalon. PVC ni nafuu na huvumilia mikwaruzo, lakini jua huikausha kadiri miaka inavyopita. Hypalon hulistahimili jua zaidi, na bei yake huliko ndiyo adhabu yake. Kwa mwambao wetu wenye matumbawe na chaza wakali, kitambaa chembamba hakifai hata kwa zawadi. Ukiwa dukani pitisha kidole kwenye maungio. Yawe mapana, yamelala sawasawa, na gundi isiwe imechomoza wala kuachia.

La tatu ni sakafu. Ziko sakafu za mirija iliyolala sambamba, ambazo hujazwa kwa kiasi cha pauni 2 hadi 3 kwa inchi ya mraba. Ziko nyingine ambazo ndani yake maelfu ya nyuzi yameunganisha kitambaa cha juu na cha chini. Hizo huweza kujazwa hadi pauni 8 au 10, zikawa ngumu kama ubao. Sakafu ngumu humfanya mpandaji asizame katikati kama aliyekaa kwenye kitanda cha kamba zilizolegea.

La nne, na kwa mawimbi na mto hili ndilo kubwa, ni chombo kuweza kujitoa maji chenyewe. Wazee wetu walifua maji kwa upo, na palikuwa na mtu wa kazi hiyo. Katika kayaki ndogo mpandaji yuko peke yake na mikono yake yote imeshika kafi. Chombo kinachofaa huwa na sakafu iliyoinuka juu ya usawa wa maji, na matundu kando yake. Wimbi likikijaza, maji hushuka na kutoka yenyewe. Kisicho na matundu, wimbi moja hukigeuza kuwa karai la kilo mia na zaidi, nacho hakitageuka tena kwa nguvu za mtoto.

La tano ni umbo. Kwa mpandaji mmoja, urefu wa mita 2.7 hadi 3.2 hutosha. Chombo kifupi hugeuka upesi kati ya majabali, na kirefu hushika njia iliyonyooka kwenye maji mapana; huwezi kupata yote mawili kwa ukamilifu. Omo na tezi ziwe zimepinda kuelekea juu, ili chombo kipande wimbi badala ya kulichoma. Upana wa sentimita 90 hadi 100 humpa anayejifunza utulivu. Pezi la chini liwe la kuondolewa: baharini husaidia kunyoosha njia, na mtoni hung'ang'ania mawe. Ndani pawe na mikanda ya kupitisha mapajani, inayomwezesha mpandaji kukiegemeza chombo kwa nyonga zake, nayo iwe ya kuachia mara moja akipinduka.

La sita ni uzito. Vyombo vingi vya aina hii vina kilo 12 hadi 18, mzigo ambao msichana na nduguye huweza kuubeba pamoja. Kila chombo kimeandikwa uzito kinaoweza kuchukua. Sisi hatuvuki theluthi mbili za idadi hiyo, tukihesabu mpandaji, nguo zilizolowa na mizigo. Kwa chombo kipana namna hii, kafi la sentimita 200 hadi 220 hufikia maji bila kugonga mbavu.

Hewa na jua

Akina mama wanaopika wanajua kwamba kitu kilichofungwa kikipata moto hutanuka. Ubavu uliojazwa kivulini kwa pauni 2.5, kwenye joto la nyuzi 28, ukiachwa mchangani hadi hewa ya ndani ifike nyuzi 60, kwa hesabu hukaribia pauni 4 au huzipita. Hivyo ndivyo maungio yanavyopasuka hali chombo kimelala ufukweni na hakuna aliyekigusa. Tukikitoa majini tukakiacha juani, tunapunguza hewa. Tukikitia majini, tunasubiri kipoe kisha tunaongeza, kwa sababu maji yatakilegeza. Pampu iwe na kipimo chake. Na viraka visibandikwe kwa solusheni ya baiskeli, kwani PVC ina gundi yake; nunueni mapema, siku ile ile mnaponunua chombo.

Upepo na maji yetu

Maneno ya yule mvuvi ndiyo somo la sura hii. Kayaki ya hewa hukaa juu ya maji, haina mkuku wa kuishika, na kila sehemu iliyo juu ni tanga. Kwa hiyo bahari yenye kimya asubuhi, ikiwa na umande, ni hatari kwake kuliko bahari yenye mawimbi na upepo unaokurudisha pwani. Kabla ya kuingia, mtu ashike mchanga mkavu aurushe. Ukielekea baharini, siku hiyo ni ya kuokota makome.

Kalenda ya Hijria iliyoko ukutani ni mwalimu mwingine. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu huja karibu na tarehe 7 na 22. Siku za bamvua katika mwambao wetu maji kwa kawaida hujaa karibu na saa kumi alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maana yake ni kwamba asubuhi ya bamvua maji yote ya hori yanatafuta njia ya kutoka, na njia yenyewe ni mlango wa mwamba. Lau tungelifikiri hivyo siku ile ya mwezi kumi na sita, tungelisubiri maji yaanze kurudi.

Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba unaoyavunja mawimbi mbali. Ghuba ya Malindi haina, kwa kuwa tope la mto Sabaki haliyapi matumbawe nafasi ya kumea. Ndiyo sababu mawimbi ya kusi hufika hadi mchangani, na vijana huyapenda. Lakini mtu akae mbali na mdomo wa Sabaki wenyewe, kwa kuwa kuna viboko. Na mto Tana si mmoja kwa tabia: kule juu Sagana ni maji ya kasi kati ya mawe, ambako watu huteremka wakiwa na waongozaji, huku chini ni makao ya mamba na viboko, hapana mchezo. Maji ya kasi hupimwa kwa madaraja 1 hadi 6. Anayejifunza hukaa katika daraja la 1 na la 2, na la 3 ni kwa aliye na mwongozaji kando yake. Daraja la 6 ni la roho ya mtu.

Mavazi na jaketi

Wako watakaouliza, msichana na kayaki, wapi na wapi? Bibi zetu walikwenda mwambani kutafuta pweza na wakatanda uduvi kwa leso zao. Na Ummu Haram, radhiyallahu anha, alipanda chombo akavuka bahari hadi Cyprus katika zama za Khalifa Uthman, na huko ndiko alikozikwa. Bahari haikuumbwa kwa ajili ya wanaume peke yao. Linalobaki ni adabu na usalama, na mawili haya hayagombani.

Buibui na gauni refu havifai majini kwa sababu moja kubwa: vikilowa huvuta na hufunga miguu. Nguo ya kuogelea ya stara, ya kitambaa chepesi kisichonyonya maji, yenye suruali na kanzu fupi ya juu, inatosha. Ushungi uwe ule wa kuvaa kichwani, usio na ncha ndefu wala pini. Jaketi la kuokoa maisha huvaliwa juu ya nguo zote, si chini yake. Nalo huchaguliwa kwa uzito wa mvaaji, si kwa umri. La mtoto mdogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, asichomoke. Mpimeni hivi: mshike mabega ya jaketi, mlivute juu, likimfikia masikioni, si lake. Mtoni huongezwa helmeti juu ya ushungi na viatu vinavyofunga mguu.

Kujifunza kuanguka

Binti yetu hakuanza kwa kupanda. Alianza kwa kuanguka. Katika maji yaliyotulia ya hori, karibu na mikoko, alikipindua chombo mara ishirini, akakigeuza, akapanda tena, hadi mamake aliyekuwa amekaa kando akachoka kuhofu. Kanuni moja aliyoikariri ndiyo inayofaa bahari na mto pamoja: ukianguka, kaa upande yanakotoka maji. Baharini uwe upande wa wimbi, chombo kiwe upande wa pwani. Mtoni uwe juu ya mkondo, chombo kiwe chini yake. Aliyekaa upande mwingine hugongwa na chombo chake mwenyewe, au hubanwa nacho kwenye jiwe. Mtoni tena, aliyeanguka hulala chali miguu mbele, wala hasimami katika maji ya kasi, mguu usije ukanaswa kati ya mawe. Na hakuna kamba ya kujifunga mwilini mtoni, wala kamba inayoning'inia ndani ya chombo.

Tawakali si kuacha kufunga kamba ya chombo. Mja hufunga kwanza, kisha humtegemea Mola wake.

Jibu letu

Basi, dada yetu uliyetuuliza, jibu ni hili. Chombo cha upepo kinaaminika kikiwa cha haki na mpandaji amefunzwa. Fedha za nduguyo zikiwa hazitoshi kununua chombo chenye vyumba vitatu na majaketi mawili yanayokaa sawasawa, usinunue chombo cha nusu. Nunua majaketi, wapeleke watoto wafunzwe kuogelea, na kilichobaki kiweke. Au shirikianeni nyumba tatu, kwani chombo kimoja hukaa kabatini siku nyingi kuliko zinazokaa majini. Rahisi huvunja upishi, na sisi ilikaribia kutuvunjia nyumba.

Juzi kusi lilipolegea tulirudi Kilifi. Binti yetu, ambaye sasa ana miaka 17, alikuwa amekwishajaza chombo na kupima hewa. Aliinama, akachota mchanga, akaurusha. Ukaelekea baharini. Akaja akakaa mkekani kwa mamake, akasema, "Baba, leo kuna umande. Tungoje." Tulingoja hadi saa tano, upepo ulipogeuka. Mama watoto ndiye aliyemfunga mkanda wa jaketi, akauvuta mara mbili, kisha akamwachia.

Na yule mama ametupigia simu tukiwa tunamaliza kuandika makala haya. Ameanza na majaketi.

Wabillahi tawfiq.